Umefunga GB 4, inaonekana 3.25: RAM nyingine iko wapi?

Mteja akishaongeza RAM, yaani memori ya kufanyia kazi ya kompyuta, kitu cha kwanza ni kufungua ukurasa wa taarifa za mfumo na kuhesabu. Akikuta pungufu, simu inaita: "Fundi, hii RAM mliyoniuzia feki!" Mara nyingi wala si feki. Kabla hajafunga safari ya kurudi dukani namuuliza imepungua kiasi gani, kwa sababu ukubwa wa pengo unaeleza karibu kila kitu. Nusu kamili ikipotea ina sababu zake. Ikipungua kidogo tu, ni jambo jingine. Na ipo mashine inayogoma kuvuka GB 3 na ushee hata uiongezee nini.

Hii ya mwisho bado naikuta sana kwenye kompyuta za mtumba. Ukurasa unaandika "4.00 GB (3.25 GB usable)", au umeshafunga GB 8 na namba haijasogea. Teremka hadi mstari wa aina ya mfumo. Ukikuta "32-bit operating system", mwizi umeshamjua, na RAM haina kosa.

Prosesa huifikia kila baiti kwa anwani, na anwani ni namba. Kwa biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 au 1, unapata namba 4,294,967,296, yaani GB 4, basi. Kama RAM ingekuwa peke yake, zingetosha. Lakini kadi ya picha, kadi ya mtandao, vidhibiti vya USB na BIOS yenyewe (programu inayoiwasha mashine kabla ya Windows) navyo vinataka namba kutoka fungu hilohilo. Ni kama mtaa uliopimwa viwanja: shule, zahanati na soko vikishatengewa vyao, wajenzi wa nyumba wanagawana vilivyobaki. Vifaa hupewa anwani za juu, karibu na mpaka wa GB 4, na sehemu ya RAM inayogongana navyo hukosa namba. Imefungwa, inakula umeme, ila hakuna awezaye kuiita. Ndiyo maana ukiongeza kadi ya picha kubwa kwenye mfumo wa biti 32, RAM inayoonekana inaweza kupungua zaidi.

Sasa wengi wanasema prosesa za zamani ndizo zilizoishia hapo. Si kweli. Pentium Pro ya mwaka 1995 ilikuja na PAE, utaratibu unaotumia anwani za biti 36, na hiyo ni GB 64. Baadhi ya Windows za seva za biti 32 ziliutumia vizuri tu. Kwa Windows za watumiaji wa kawaida, kuanzia XP Service Pack 2 (kifurushi cha masasisho) ya 2004, Microsoft waliamua kubaki ndani ya anwani za GB 4, kwa kuwa draiva nyingi, yaani programu za kuendesha vifaa, ziliandikwa na watu ambao hawakuwahi kufikiria anwani kubwa kuliko hiyo. Zikikutana nayo, mashine inazima na skrini ya buluu. Mimi siwalaumu. Bora kompyuta yenye GB 3 inayofanya kazi. Kilichonichekesha ni Vista: Service Pack 1 ya 2008 iliubadilisha ukurasa ule uonyeshe RAM iliyofungwa badala ya inayotumika, na watu waliozoea 3.25 wakaona GB 4. Malalamiko yakapoa, memori haikuongezeka hata baiti moja.

Dawa ni Windows ya biti 64, na haipandishwi juu ya ile ya biti 32. Inasakinishwa upya, kwa hiyo hamisha mafaili yako kwanza. Windows 11 haina hata toleo la biti 32.

Tahadhari moja kabla hujalipia kazi hiyo. Kuna laptopu ambazo prosesa ni ya biti 64 lakini chipseti, yaani chipu zinazounganisha prosesa na RAM na vifaa vingine, ndiyo inayokwamisha. ThinkPad T60 ni mfano mzuri: inaweza kuwa na Core 2 Duo, ila chipseti yake, ya kizazi cha Intel 945, haina uwezo wa kuihamishia RAM kwenye anwani zilizo juu ya GB 4. Utabaki na GB 3 na kidogo, Windows iwe yoyote. Kwenye mazabodi nyingine uwezo huo upo lakini umezimwa ndani ya BIOS. Tafuta palipoandikwa "Memory Remap". Halafu Windows 7 nayo ilikuwa na mipaka ya leseni: Starter GB 2, Home Basic ya biti 64 GB 8, Home Premium GB 16.

Pengo dogo halinisumbui. Laptopu ya prosesa ya Ryzen yenye GB 8 kuonyesha 5.9 ni kawaida, kwa kuwa grafiki zilizo ndani ya prosesa hazina memori yao na zimekatiwa GB 2 za kwako. Fungua Task Manager, upande wa memori, uone mstari wa "Hardware reserved". BIOS nyingine zinaruhusu kupunguza, nyingi za laptopu haziruhusu.

Nusu kamili ikipotea, hapo ndipo nashika bisibisi. Chomoa, safisha miguu ya RAM kwa spiriti isiyo na maji, rudisha mpaka isikike ikibana. Jaribu RAM mojamoja, kila moja kwenye kila sloti. Ikiwa kosa linafuata sloti badala ya RAM, usikimbilie kulaumu sloti. Tangu 2003 kwa AMD na 2008 kwa Intel, kidhibiti cha memori kilianza kuhamia ndani ya prosesa yenyewe, kwa hiyo pini moja iliyopinda chini ya prosesa, au feni iliyokazwa upande mmoja, inaweza kuzima chaneli nzima, yaani njia moja kati ya prosesa na RAM. Wateja hawaniamini mpaka niwaonyeshe pini kwa lenzi.

RAM isiyosomwa kabisa huwa haijaendana na mashine. RAM ya aina ya DDR3 ya GB 16 kwa kipande kimoja, kwa mfano, haifanyi kazi kwenye prosesa za Intel Core i za kizazi cha pili hadi cha nne, hata kama muuzaji kakuapia.

Na ukiona namba ya ajabu isiyolingana na lolote kati ya haya, fungua msconfig, programu ya mipangilio iliyo ndani ya Windows, nenda Boot, kisha "Advanced options". Kuna kisanduku cha "Maximum memory" ambacho video za kuharakisha kompyuta zinapenda kukwambia ukiwekee tiki. Kazi yake ni kuweka ukomo tu. Ondoa tiki, washa upya.