Benzi za zamani Malindi: mnayoambiwa gereji na yaliyo kweli

Malindi Benzi za zamani bado ziko, tena si haba. Zingine ziliachwa na Waitaliano walorudi kwao, zingine ni za wazee walonunua enzi hoteli zimejaa, na sasa zimeangukia mikononi mwa vijana wanaotaka kuonekana na W123 ama W124 (hizo ni namba za modeli), ama ile kubwa W126 iliyotengenezwa toka 1979 mpaka 1991. Na kwa vile Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyotumika yenye umri zaidi ya miaka 8, hizi tulizonazo ndizo hizi, ikifa moja usitarajie meli ikuletee nyingine. Wenzetu wa Lamu wamepona, wao spea yao ni majani ya punda.

Sasa mimi nnavyoona, nyingi ya hizi gari zimeuliwa na vitu vilivyotolewa. Fundi anatoa hiki, mwengine anaziba kile, wa tatu anaunga waya moja kwa moja, gari ikifika kwa wa nne anasema hii imechoka. Na kila aliyetoa kitu alikuwa na maneno yake mazuri ya kukupa. Tuyachukue hayo maneno.

"Toa thamostati, hapa pwani joto." Hii ndio mama yao. Utaambiwa thamostati, ile vali inayofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini, ni ya watu wa baridi huko Ulaya, huku inazuia maji bure. Lakini kwenye injini nyingi za Benzi za miaka hiyo thamostati ina visahani viwili. Injini ikiwa baridi, cha juu kimefunga njia ya kwenda rejeta na cha chini kimeacha wazi njia ya mkato, maji yanazunguka ndani ya injini tu ipate moto haraka. Ikishapata moto cha juu kinafunguka na cha chini kinakwenda kuziba ile njia ya mkato. Sasa ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi daima dawamu, sehemu ya maji inajizungukia na joto lake haipiti rejeta kabisa, kwa hivyo kwenye msongamano pale sokoni ama ukipanda na mzigo gari inachemsha zaidi ya mwanzo, wewe unashangaa si tumeitoa! Na asubuhi injini inachelewa kupata moto, inakunywa mafuta, inajimaliza ndani polepole.

Kuipima ni rahisi, haitaki gereji. Ifunge uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka jikoni na kipimajoto pembeni. Imepigwa namba, mara nyingi 87. Maji yakikaribia hapo inaanza kufunguka, yakizidi inapanuka sawasawa. Ikikaa kimya mpaka maji yanatokota, hiyo imekufa, nunua nyengine na gasketi yake. Ukimaliza kuifunga toa hewa vizuri manake mfuko wa hewa juu ya injini unachemsha gari nzima hata kama kila kitu ni kipya.

Hapohapo kuna wale wanaopagawa mshale ukigusa 95. Tulia. Zile feni za umeme za mbele kwenye W124 kazi yake ya kupoza maji haianzi mpaka joto lipite 100 kidogo (ukiwasha ac ni hesabu nyengine), waliounda gari walijua maji yatafika huko, na mfuniko wa rejeta unashika presha ili maji yasichemke kwa 100 kama ya chai. Wasiwasi uanze mshale ukipanda na usirudi hata ukishapata mwendo. Na usikubali feni kubwa ya injini, ile ya viskasi (kiungio cha majimaji kinachoishika feni ikipata joto), ichomelewe ama ipigwe bolti izunguke muda wote. Iguse injini ikiwa imezimwa na imepata moto: inafaa iwe nzito kuzungusha. Ikizunguka kama pangaboi la kibanda basi imekufa, badilisha hiyo viskasi yenyewe.

"Maji ni maji." Kaka, si kweli, na haswa si kweli Malindi. Kisima cha karibu na bahari maji yake yana chumvi, na injini kama M103 na M104 zina kichwa cha alumini juu ya bloki ya chuma, metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi ni kuomba kuliwa. Utatoa kichwa ukute vijia vya maji vimetafunwa pembeni ya gasketi. Kulanti, yale maji ya rangi ya rejeta, ina dawa ya kuzuia hiyo kutu, haikuwekwa kwa ajili ya barafu tu. Changanya nusu kwa nusu na maji ya betri yale yaliyosafishwa, badilisha kila baada ya miaka michache, na usichanganye rangi rangi eti zote ni kulanti.

Tukishafika kwenye chumvi tuimalize. Kuna imani eti chuma cha Mjerumani hakishiki kutu. Nenda Casuarina ukaone. Kusi ikivuma ule mvuke wa bahari unaingia kila pahali, na anayepita Gongoni na Marereni kwenye viwanda vya chumvi ndio basi tena. W124 zilizotoka baada ya 1989 zina plastiki pana ubavuni, inapendeza, lakini nyuma yake pale pa kupigia jeki ndipo kutu inapokaa miaka bila mtu kuiona. Mpaka siku unapiga jeki, jeki inaingia ndani ya gari.

Pahali pengine ni chini ya waipa. Majani ya mvinje, vile visindano, vinaziba matundu ya kutolea maji, maji yanalala pale, mwisho yanashukia ndani kwenye zulia. Toa majani kwa mkono, mwaga kikombe cha maji, angalia kama yanatoka chini nyuma ya tairi la mbele. Kazi ya dakika tano. Wengi badala yake wanapaka ile dawa nyeusi kama lami chini ya gari juu ya kutu iliyopo, ndio wanaifungia unyevu ndani iendelee kula kwa raha. Na kupuliza oili chafu chini nako kunavimbisha mipira ya bushi. Osha chini kwa maji ya bomba, si ya kisima, kwangua kutu mpaka chuma safi, paka rangi ya kuzuia, halafu ndani ya matundu puliza nta.

Umeme sasa, na hapa pesa za watu zinapotea sana. Gari haiwaki vizuri, unaambiwa betri. Unanunua betri. Wiki mbili, altaneta. Unanunua altaneta. Halafu stata. Kumbe tatizo ni ule ukanda wa athi unaotoka injini kwenda bodi, umeoza kwa chumvi, kwa nje unaonekana mzima. Chukua mita, weka kwenye volti, waya mwekundu gusisha injini chuma kitupu, mweusi gusisha kichwa cha hasi cha betri, mwenzako apige stata. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti basi umeme unapotelea njiani, na ukanda wa athi ni rahisi kuliko betri. Betri yenyewe gari ikiwa imezimwa muda inafaa isome kama 12.6, injini ikinguruma kati ya 13.8 na 14.4. Ukishajua namba hizo tatu hakuna wa kukuuzia betri bure.

Na zile fyuzi! Benzi hizi zina fyuzi ndefu zenye ncha kama risasi, nyeupe ya ampea 8, nyekundu 16, buluu 25. Nyingi ukanda wake ni alumini, na alumini kwa hewa yetu inapiga ukungu mweupe mwembamba kwenye ncha. Fyuzi haijakatika, ukiiangalia nzima, lakini umeme haupiti sawasawa, leo taa moja, kesho honi, kesho kutwa pampu ya mafuta inakata unaachwa daraja la Sabaki jua la saa saba. Fundi umeme anataka kufumua wayaringi yote. Wewe anza kwa kuzizungusha fyuzi kila moja kwa kidole palepale zilipo, kisha nunua seti ya ukanda wa shaba, sugua na vishikio kwa msasa laini. Mara nyingi ugonjwa unaishia hapo.

Lakini nisiwe mbishi wa kila kitu, kuna pahali fundi wa wayaringi ana haki. W124 za mwisho mwisho, za kama 1993 mpaka 1995, zenye M104 na wenzake, waya za injini ziliwekwa ganda bovu, likipata joto miaka linakauka na kuvunjika kama kaki. Minya taratibu waya karibu na plagi ya sensa, ukisikia inakatika katika na unaona shaba, hiyo haina dawa ya tepu. Weka wayaringi mpya ya injini kabla haijaunguza kompyuta.

Kompyuta ndio hiyo nyengine, "peleka mashine itakwambia". Soketi ile ya pini 16 ya magari ya siku hizi Marekani waliilazimisha toka modeli za 1996, Ulaya gari za petroli 2001. W123 haina soketi hiyo, na W124 ina soketi yake ya pekee ndani ya boneti. Mtu akikwambia amechomeka kimashine chake cha simu kwenye W123 na imesoma "injini mbovu" mrudishie funguo... yaani mnyang'anye funguo. Hizi gari zinataka mita, geji ya presha ya mafuta, na mtu mwenye subira.

Kuna hii ya dizeli inanichekesha kila siku. W123 300D, unazima ufunguo, gari inaendelea kunguruma tu. "Pampu imekufa bosi, twende Mombasa." Hapana. Injini ile inazimwa kwa vakyumu: kuna kipampu mbele ya injini kinavuta hewa, ufunguo ukizima unafungua njia, ile vakyumu inavuta kifaa kwenye pampu ya dizeli mafuta yanakata. Na vakyumu hiyohiyo ndiyo inayofunga milango. Kwa hiyo mpira uliopasuka ndani ya mlango wa nyuma unaweza kukufanya ushindwe kuzima injini! Ziba kwanza tawi linalokwenda milangoni, jaribu tena. Ikizima, ugonjwa uko mlangoni, mpira wa bei ya sahani ya biriani. Wakati unatafuta kuna kile kiwenzo kimeandikwa STOP juu ya injini, fungua boneti ukibonyeze, gari itazima. Hata wenye hizi gari miaka na miaka wengine hawakijui.

Giaboksi. "Usibadilishe oili ya giaboksi, ukibadilisha itakufa." Inayokufa baada ya kubadilishwa ilikuwa inakufa tayari, oili mpya imekuja tu kwenye mazishi. Oto za Benzi za wakati huo zina filta na zina bolti ya kumwagia, sasa kama haitakiwi kubadilishwa bolti ya nini? Kosa kubwa zaidi ni kupima: fimbo yake inasomwa gari iko tambarare, injini inawaka, gia iko P, na oili imepata moto baada ya safari. Ukipima baridi inaonekana imepungua, unaongeza, inazidi, inatoa povu, giaboksi inaanza kuteleza na wewe ndiye uliyeiua. Futa fimbo kwa kitambaa kisicho na nyuzi, manyoya madogo tu yanaziba vali ndani.

Ac nitasema kifupi. Gesi haiishi kwa kutumika, mfumo umefungwa, ikiisha inavuja. Anayekujazia kila mara bila kutafuta tundu anakuuzia upepo. Na gari ya kabla ya miaka ya 90 ilikuja na R12, ukihamia R134a oili ya zamani ya kompresa haichanganyiki nayo, lazima ibadilishwe na kichujio chake cha unyevu pia.

Mwisho ile kubwa: "injini imechoka, weka ya Toyota yaishe." Mimi Toyota naipenda, lakini imechoka umejuaje? Kutetemeka ikiwa kwenye D mara nyingi ni mauntingi za injini (mipira inayoibeba), zina mafuta ndani, zikivuja injini inakaa chini na usukani unatetemeka. Sailensa (mngurumo gari ikiwa imesimama) ya kupanda na kushuka mara nyingi ni mpira uliopasuka unaonyonya hewa. Moshi wa buluu asubuhi ukiwasha, halafu unapotea, ni sili za vali, zinabadilishwa bila kushusha injini, na kuweka oili nzito hakuzitengenezi. Kabla hujakubali lolote mwambie fundi apime kompresheni, yaani presha ndani ya kila silinda, mbele yako, injini imepata moto, plagi zote nje, mguu umekanyaga mafuta mpaka chini, aandike namba za kila silinda. Kwa M103 tofauti kati ya silinda na silinda isizidi bari 1.5. Zikilingana, injini yako nzima, matatizo yako kwengine.

Fundi akikataa kupima, tafuta mwengine. Na ukishaamua kuweka hiyo ya Toyota hata hivyo, namba ya injini kwenye logbuku lazima ibadilishwe NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), mauntingi zitachongwa, propela itakatwa, geji za dashibodi nyingi hazitafanya kazi, na mnunuzi wa kesho atataka kukupa bei ya Toyota.