Je, wajua kwa nini utando wa kulinda rangi ukizeeka hugoma kubanduka kwenye gari-nyumba?

Chukua utando wa kulinda rangi uliobandikwa mwezi uliopita, inua kona yake kwa ukucha, kisha vuta taratibu. Unakuja mzima, umelegea kama ngozi aliyoivua nyoka, na rangi iliyo chini yake inabaki inang'aa. Sasa jaribu utando wa miaka 15 ulioko kwenye uso wa gari-nyumba. Unasikia "ka!" ndogo, na mkononi unabaki na kipande kisichozidi ukucha wenyewe, cha manjano kama chai ya rangi iliyopoa. Unavuta tena, kipande kingine. Ukiinua macho unaona mita kadhaa za mraba zinakusubiri.

Gari-nyumba ni lile gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Mbele yake ni ukuta mtupu unaopigwa na kokoto, wadudu na mchanga kila linaposafiri, ndiyo maana wenye magari hayo hubandikiwa plastiki angavu juu ya rangi. Plastiki hiyo ni poliurethani, na kwa kawaida unene wake ni kati ya milimita 0.15 na 0.2, yaani kama nywele mbili au tatu zilizolazwa moja juu ya nyingine. Wazo lenyewe lilianzia vitani. Katika vita vya Vietnam jeshi la Marekani lilitafuta kitu cha kukinga mapangaboi ya helikopta yasiliwe na mchanga na vifusi. Kutoka huko utando ukaingia kwenye magari ya mashindano, kisha kwenye magari ya watu wa kawaida.

Ukiuliza kwa nini wa zamani hautoki, wengi watakujibu kwamba gundi imeshikamana na rangi. Hilo ni kweli, ila ni nusu ya habari, na tena nusu ndogo.

Unapovuta utando, unapimanisha nguvu tatu kwa wakati mmoja: uimara wa plastiki yenyewe, mshiko wa gundi juu ya rangi, na mshiko wa rangi juu ya bodi. Kamba hukatikia pabovu. Utando ukiwa mpya, pabovu ni pale gundi inapokutana na rangi, na kiwanda kiliutengeneza hivyo makusudi. Ukizeeka, pabovu panahama. Plastiki inakuwa dhaifu kuliko gundi yake, kwa hiyo inakatika kabla gundi haijaachia. Na fundi akitumia ubabe, pabovu panaweza kuhama mara ya pili, safari hii pakaenda chini kabisa, rangi ikang'oka pamoja na utando. Kazi nzima ya kubandua ni kuparudisha pabovu mahali pake pa mwanzo.

Kinachopahamisha kwanza ni jua. Miale ya urujuanimno inayotufikia ardhini, ya urefu wa takriban nanomita 300 hadi 400, ina nguvu ya kutosha kuvunja vifungo vya kikemia ndani ya plastiki. Poliurethani ni minyororo mirefu ya molekuli, na urefu huo ndio unaoifanya inyumbuke. Miale ikiikata vipande vipande, na mingine ikajifunga ovyo kwa jirani zake, plastiki iliyokuwa ikivutika kama mpira inakakamaa kama ganda la yai. Umanjano nao una sababu yake. Poliurethani za bei nafuu hutengenezwa kwa kemikali zenye pete za benzini, yaani atomi sita za kaboni zilizoshikana kwa duara, na pete hizo zikipigwa na jua hugeuka kuwa viini vya rangi. Zipo poliurethani zisizo na pete hizo, na hizo hukaa angavu muda mrefu zaidi. Viwanda huchanganya pia dawa ya kumeza miale, lakini dawa hiyo nayo ina ukomo. Ikiisha, plastiki inabaki uchi.

Mbona basi gari dogo halipati taabu kiasi hiki? Tazama gari-nyumba linavyoishi. Linasafiri wiki chache, kisha linaegeshwa miezi, mara nyingi nje kwa kuwa halienei kwenye banda la kawaida, na mara nyingi limeelekea upande uleule. Jua linapiga uso mmoja msimu baada ya msimu. Isitoshe, utando wake hubandikwa kwa mapande makubwa, kwa hiyo plastiki ikijaribu kusinyaa haina pa kupumulia. Inapasuka katikati, nyufa zinaingiza vumbi, maji na ukungu, na baada ya hapo uchafu huo hauoshiki kwa sabuni yoyote.

Sasa gundi. Gundi ya utando huu haikauki kama ile ya mbao. Inabaki nusu maji nusu mpira maisha yake yote, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyotambaa na kuingia kwenye vijishimo vidogo vya rangi, ikipanua eneo iliposhika. Hapo ndipo ile nusu ndogo ya ukweli ilipo. Lakini tabia hiyohiyo ya umaji ndiyo inayotupa njia. Kumbuka chingamu: ukiivuta ghafla inakatika, ukiivuta polepole inarefuka. Gundi hii ni vivyo hivyo. Ukiivuta upesi inajibu kama kitu kigumu, na plastiki iliyozeeka haiwezi kuhimili jibu hilo. Ukiipasha joto na kuivuta kwa subira, inalegea na kuachia.

Pembe ya kuvuta pia si jambo la kubahatisha. Mwaka 1944 Ronald Rivlin, Mwingereza aliyechunguza tabia za mpira, alieleza kwa hesabu namna nguvu ya kubandua inavyobadilika kulingana na pembe. Kwa hesabu hiyo, kuvuta kwa digrii 30 kutoka kwenye uso kunahitaji zaidi ya mara 7 ya nguvu ya kuvuta kwa digrii 90, na ukiukunja utando kabisa ukaurudisha nyuma, nguvu inapungua hadi nusu ya ile ya digrii 90. Utadhani basi jibu ni kuukunja tu. Tatizo ni kwamba utando mkavu ukikunjwa unavunjika palepale kwenye mkunjo. Ndiyo maana unapashwa joto kwanza, ukubali kupinda, halafu mkono ndio unaotafuta pembe. Ukisikia plastiki inalia, legeza. Ukiona rangi inainuka chini yake, acha mara moja.

Joto lenyewe litoke wapi? Wengi hukimbilia mashine ya kupuliza hewa moto. Mimi siipendi kwa kazi hii, na sababu yangu ni faibaglasi. Uso wa gari-nyumba kwa kawaida ni wa faibaglasi, ambayo hupitisha joto vibaya mno ukilinganisha na chuma, tofauti yao ikiwa zaidi ya mara 100. Kwenye bati la chuma, joto la ziada linasambaa pembeni. Kwenye faibaglasi linakaa palepale ulipolielekeza. Mashine ya hewa moto inaweza kutoa hewa ya digrii 500 na zaidi, na sekunde chache za kuzubaa zinatosha kuitia rangi malengelenge.

Mvuke una adabu zaidi. Mvuke wa maji yanayochemka kwenye mashine ya kawaida hutoka ukiwa karibu na digrii 100, hauruki kwenda 300. Tena umebeba joto jingi kuliko unavyodhani. Kuchemsha gramu moja ya maji kutoka digrii 20 hadi 100 kunakula jouli kama 335, lakini kuigeuza gramu hiyohiyo kuwa mvuke kunakula nyingine 2,260 hivi. Mvuke ukigusa utando na kurudi kuwa maji, unaitua mizigo yote hiyo ya joto papo hapo. Zaidi ya hayo unapenya kwenye nyufa na kufika kwenye gundi, mahali ambapo hewa kavu haifiki kirahisi.

Kwa hiyo kazi huenda hivi. Unaanza na kona iliyojificha, sehemu ambayo ikiharibika haitakuumiza roho. Unapitisha mvuke huku na huku bila kusimama, mpaka utando uwe wa moto kiasi cha mkono kutovumilia kuushika (glavu si mapambo, mvuke huunguza vibaya). Unaingiza wembe wa plastiki chini ya ukingo, wembe wa chuma unauacha kwenye boksi lake, kisha mkono mmoja unavuta taratibu huku mwingine ukiutanguliza mvuke mbele kidogo ya mstari wa kubanduka. Siku njema unapata pande la ukubwa wa kiganja. Siku mbaya unapata ukucha baada ya ukucha, na hapo ni bora kuigawa kazi kwa siku kadhaa kuliko kuikamilisha kwa hasira.

Kuwa macho na sehemu iliyowahi kupigwa rangi upya baada ya ajali. Mshiko wa rangi unategemea namna uso ulivyosuguliwa na kupakwa rangi ya msingi kabla yake, na fundi aliyefanya haraka miaka kumi iliyopita anakuachia wewe deni.

Gundi itakayobaki inaondolewa kwa dawa ya kuyeyusha, na hapa uvumilivu hushinda nguvu tena. Spiriti ya aisopropili na mafuta ya maganda ya machungwa ni wapole kwa rangi iliyokomaa, ingawa nazo hujaribiwa pembeni kwanza. Pakaza, funika kwa nailoni isivukize upesi, ngoja dakika chache, ndipo usukume kwa wembe wa plastiki na kitambaa. Thina na asetoni ziache, maana hazichagui kati ya gundi na rangi. Kuna jambo jingine ambalo watu husahau: friji za magari-nyumba mengi hutumia gesi, na huwaka kwa ulimi mdogo wa moto nyuma ya tundu la ubavuni. Funga gesi kabla ya kufungua chupa ya dawa yoyote inayowaka, na mashine ya hewa moto isiwe karibu.

Kama rangi ya juu, ile angavu ambayo mafundi huiita klia, imeanza kuchubuka yenyewe, usipoteze wiki nzima ukibembeleza utando. Hapo ni msasa na rangi mpya.

Ukishamaliza, usishangae kuona mstari. Rangi iliyokuwa chini ya utando ilikingwa na jua, ile ya nje haikukingwa, na sasa ziko bega kwa bega zikiwa na umri mmoja na sura mbili. Kupiga polishi upande uliofifia hupunguza tofauti hiyo. Mara nyingine kuna alama ya ajabu zaidi: utando umekwisha kuondoka, gundi imekwisha, lakini ukichutama na kutazama kwa ubavu unaona mistari myembamba kama ramani ya mito, kila mto mahali ulipokuwa ufa. Jua na uchafu vilipitia humo kwa miaka. Mistari iliyogusa juujuu tu hutoka kwa polishi. Iliyozama ndani ya klia itakaa hapo mpaka siku gari litakapopigwa rangi nyingine.