Hakuna zebaki kwenye redio ya babu yako

Simu zinaingia kutoka Tukuyu, Mafinga mpaka Tunduma, na swali ni lile lile: "Shikamoo fundi, hii nayo inayo?" Wanauliza zebaki nyekundu. Eti imefichwa ndani ya valvu za redio za zamani, yaani zile chupa za kioo zilizofanya kazi kabla ya transista, eti kuna tajiri Dar anainunua kwa mamilioni. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Zebaki nyekundu haipo. Sisemi ni adimu, nasema haipo. Hakuna aliyewahi kuithibitisha. Mwaka 2009 uvumi huo uliwakumba watu Saudi Arabia, ila kule ilisemekana imo kwenye cherehani za Singer, na bei ya cherehani chakavu ikapaa. Matapeli wana hadi kipimo chake: sogeza kitunguu saumu, eti itakimbia, weka kioo, eti haitaonekana. Na mtu mzima na akili zake anakubali kusimama sebuleni na kitunguu saumu mkononi.

Kinachowaponza wengi ni lile doa la rangi ya fedha ndani ya valvu, kwa juu. Hiyo ni bariamu. Kiwandani, valvu ikishanyonywa hewa na kuzibwa, bariamu huchomwa kwa joto kali mpaka itande kwenye kioo, ili imeze gesi iliyosalia. Doa likigeuka jeupe kama maziwa, ujue hewa imeingia na valvu imekufa. Ndicho kipimo changu cha kwanza, kabla sijashika mita. Kweli zipo valvu za kunyoosha umeme (kugeuza AC kuwa DC) zenye mvuke wa zebaki ya kawaida, lakini hizo ni za mitambo mikubwa, si za redio ya kubeba mkononi.

Niliwahi kuletewa Ever Ready ya duara, ile ya alumini waliyoiita Saucepan, yaani sufuria, iliyotoka mwaka 1949 kwa ajili ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Mwenyewe alisema babu yake alirudi nayo kutoka migodi ya Kopabelti. Kasha zima, spika nzima, ila valvu zote zimepasuliwa kwa nyundo na vipande vya kioo vimejaa kwenye soketi. Walitafuta zebaki. Walipata vumbi.

Mengine mnayoniambia nayapitia haraka. "Valvu haiwaki, imekufa." Za betri, kama DK91 na DF91, filamenti yake, ule uzi mwembamba unaopata moto ndani, ni ya volti 1.4 na wekundu wake ni hafifu mno. Pima kwa mita. "Nitaiunga kwenye betri ya sola." Volti 12 kwenye filamenti ya 1.4? Utazikata zote papo hapo.

"Betri zake hazipatikani tena." Kwa redio ya volti 90, unga betri kumi za volti 9 kwa mfululizo, uangalie vidole. Filamenti zikiwa zimeungwa sambamba, jiwe kubwa moja la volti 1.5 linatosha. Ila kabla hujawasha, badilisha ile kapasita ya karatasi inayopeleka sauti kwenye gridi ya valvu ya mwisho, yaani ule waya wa ndani unaoongoza umeme wa valvu. Usinibishie hapo. Ikivuja, gridi inapata chanya, valvu inakunywa umeme kupita kiasi, na betri zako zinaisha upesi.

"Umeitengeneza, mbona haishiki stesheni za hapa mjini Mbeya?" Kwa sababu ni ya masafa ya kati na mafupi. Anayetaka FM akanunue redio Mwanjelwa.