Je, wajua kwa nini uhai wa hifadhi ya Aïr na Ténéré unategemea kori?

Hifadhi ya Aïr na Ténéré, kaskazini mwa Niger, ina ukubwa wa hekta zipatazo milioni 7.7. Sehemu kubwa ni mchanga na mawe. Miti imejipanga kandokando ya kori, mito ya msimu inayoshuka kutoka milima ya Aïr.

Kati ya Julai na Septemba, pepo zenye unyevu kutoka Ghuba ya Guinea hufika huko zikiwa karibu zimekauka. Zikikumbana na milima hupanda, hupoa na kunyesha kile kidogo kilichobaki. Kori hutiririka kwa muda mfupi, kisha maji huzama mchangani. Hayo yaliyozama ndiyo yanayolisha migunga, mikoma na visima vya bustani za Watuareg.

UNESCO iliiorodhesha hifadhi hii kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1991. Mwaka 1992, vita vilipoizonga, ikaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Majangili waliwamaliza mbuni wake, na adaksi, swala weupe wa jangwani wanaoweza kukaa miezi bila kunywa maji, wamebaki wachache mno porini duniani kote.

Bunduki huonekana, kifo cha kori hakionekani upesi. Miti ikikatwa kwa kuni, udongo hushika gamba gumu. Mvua haipenyi tena, hukimbia juu, hubomoa kingo na kung'oa miti iliyosalia. Mathenge, miti ya kigeni yenye miiba, nao huvamia mabonde na kunyang'anya mimea ya asili nafasi na maji.

Dawa mojawapo ni makinga-nusu-mwezi: mashimo ya nusu duara yenye upana wa mita 4, mdomo ukielekea juu ya mteremko, udongo uliochimbwa ukiwekwa upande wa chini. Hekta moja huingia 313 hivi. Ndani hupandwa nyasi au mti.

Penye mawe hujengwa kuta fupi za kukinga mteremko. Hapa kosa la kawaida ni kukadiria usawa kwa macho: ukuta ukiinama kidogo tu, maji yote hukusanyika pale chini, huubomoa na kuchimba korongo baya kuliko la awali. Pimeni usawa kwa mpira wa maji, yaani bomba angavu lililojazwa maji ambayo husimama kimo kimoja ncha zote mbili, na mawe ya msingi yafukiwe kwenye mtaro. Mifugo izuiwe mpaka nyasi zitoe mbegu. Ikiingizwa mapema, gamba hurudi.