Kabla ya Kujiandikisha, Fungua Somo la Nne

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Langoni, hapa Lamu, alinijia na laptopu kwapani. Alikuwa amemaliza kutazama video zote za kozi ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, aliyoinunua mtandaoni, na sasa alitaka kumwandikia babake programu ndogo ya kujumlisha abiria wa boti yao inayokwenda Mokowe. Asubuhi walivuka watu 12, jioni watu 8. Programu ikamjibu kuwa jumla ni 128.

Kosa lenyewe ni dogo. Katika Python, amri ya input hurudisha maandishi hata pale mtu anapobonyeza tarakimu tupu, na alama ya kujumlisha ikikuta maandishi mawili huyaunga kama fundi anavyounga ubao kwa ubao. Thamani hizo zilipaswa kupitishwa kwanza kwenye amri ya int ili zigeuke nambari, ndipo jumla iwe 20. Lililonishughulisha zaidi ni kwamba mwalimu wa ile kozi alikuwa amelieleza jambo hili vizuri, na kijana alikumbuka hata rangi ya shati alilovaa mwalimu siku hiyo, lakini katika kozi nzima hakutakiwa hata mara moja kuandika mstari wake mwenyewe, akaukosea, kisha akaurekebisha.

Ndiyo maana ninapoulizwa kozi ya kuchagua, sianzi na jina la chuo wala idadi ya saa za video. Namwambia anayeniuliza afungue somo la nne kabla ya kujiandikisha. Somo la kwanza hupendeza katika karibu kila kozi. Kufikia la nne maneno matamu yamekwisha, na hapo ndipo utaona kama kuna mazoezi ya kweli, kama kuna njia ya kukagua jibu lako, na kama hatua kutoka somo la tatu inapandika.

Chukua kozi ya Python ya Chuo Kikuu cha Helsinki, ambayo ni ya bure na ina sehemu 14. Masomo yake yameandikwa kwa maandishi, na kila baada ya maelezo machache kuna zoezi ambalo mtambo hulisahihisha papo hapo. Sehemu tatu za mwanzo mazoezi hufanyiwa ndani ya kivinjari. Ya nne inakutaka uweke programu ya kuandikia kwenye kompyuta yako. Mwenye simu peke yake ni bora alijue hilo mapema kuliko kukwama njiani. CS50, kozi ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard inayofundishwa na David Malan, nayo ni ya bure na mihadhara yake inavutia mno, ila huanza na Scratch, ambayo programu zake huundwa kwa kuunganisha vipande kwenye skrini, kisha huingia lugha ya C, na wiki ya nne inahusu kumbukumbu ya kompyuta. Python huja wiki ya sita. Naipenda sana kozi hiyo, lakini simpi mtu ambaye bado anatafuta kitufe cha mabano. Anayetaka kutengeneza tovuti nampeleka freeCodeCamp, tovuti ya mafunzo iliyoanza mwaka 2014, ambako unaandika na kuona matokeo kwenye ukurasa uleule.

Kwetu hapa Lamu kuna suala la bando, na si dogo. Ukurasa wa maandishi hupakuliwa kwa data kidogo sana, ilhali mhadhara mmoja wa video unaweza kumeza bando la siku nzima, tena ukakatika katikati umeme ukipotea. Kwa sababu hiyo naweka mbele kozi za maandishi, ingawa vijana wengi huziona kavu.

Tazama pia umri wa kozi. Ukiona mwalimu anaandika print bila mabano, hiyo ni Python 2, ambayo watengenezaji wake waliacha kuihudumia tarehe 1 Januari 2020. Mistari hiyo itakataliwa na Python ya leo, nawe utadhani kosa ni lako. Kuhusu cheti sina mengi: kikija bure kichukue, lakini usikifanye sababu ya kulipia kozi isiyo na mazoezi.

Kijana wa Langoni nilimrudisha sehemu ya kwanza ya kozi ya Helsinki, akanung'unika kidogo, akaanza. Juzi alirudi. Babake alikuwa ameketi mbele ya programu na kuandika abiria wa asubuhi kwa herufi, "kumi na mbili", na programu ikasimama na kutoa ValueError, yaani tangazo kwamba thamani iliyoandikwa haifai. Safari hii kijana alikuwa ameshalisoma tangazo la hitilafu neno kwa neno na kuujua mstari uliokwama. Alichotaka kwangu ni kujua namna ya kumwomba babake, kwa adabu, aandike tena.