Je, wajua kwa nini sanamu hizi kubwa za chuma zinaachwa zishike kutu makusudi?

Ukiona picha za kazi za Richard Serra, msanii wa sanamu wa Marekani, yale mapleti ya chuma yaliyopindwa, marefu kuliko nyumba, yote kahawia kwa kutu kuanzia juu mpaka chini, swali la kwanza linalokuja ni mbona hawakupaka rangi? La pili, yataanguka lini? Maana kwa mtu aliyekulia Pwani, Dar au Mombasa au Tanga, kutu mwisho wake unajulikana, geti ukiliacha bila rangi miaka michache tu pale chini kwenye bawaba pameshaliwa, ukigusa linamomonyoka mkononi.

Sasa chuma cha zile sanamu ni cha aina yake, kinaitwa Corten, na ile kutu imekusudiwa. Ndiyo rangi yenyewe na ndiyo kinga yenyewe.

Inakuwaje? Chuma cha kawaida kikipata maji na hewa kinatoa kutu, na kutu hiyo ni laini, ina vitundu, inavimba halafu inabanduka magamba, gamba likidondoka chuma kilichokuwa ndani kinabaki wazi, nacho kinashika kutu, kinabanduka, hivyo hivyo mpaka kinaisha. Kwenye Corten, wakati wa kuyeyusha, wameongeza vitu kidogo sana: shaba, kromiamu, nikeli, wakati mwingine fosforasi, shaba yenyewe haifiki hata asilimia 1. Kutu ya kwanza inatoka kama kutu yoyote, ya rangi ya chungwa, ya vumbi, ukipitisha kidole inakuja nayo. Lakini chini yake, pale inapogusana na chuma, vile vitu vilivyoongezwa vinasaidia kufanya tabaka lililobana, chembe ndogo ndogo zimeshikana, limeng'ang'ania kama ukoko kwenye sufuria, na maji na hewa vinapata shida kupita. Kutu haisimami kabisa ila inakwenda taratibu mno, na rangi inabadilika mwaka hadi mwaka, kutoka chungwa inaingia kahawia, halafu kahawia iliyokolea inayoelekea zambarau.

Ila kuna sharti, na hili ndilo watu wengi wanalikosa. Lile tabaka linajengeka kwa kulowa na kukauka, kulowa na kukauka. Mvua inyeshe, jua litoke, upepo upite. Chuma kikikaa kimelowa muda wote, labda kimefukiwa kwenye udongo au majani makavu yamerundikana hapo chini na kushika maji, tabaka halikazi na kinaliwa kama chuma kingine chochote. Chumvi ya bahari nayo ni adui, inavuta unyevu na kuushikilia pale pale juu ya chuma.

Hakuna msanii aliyevumbua kitu hiki. Ni kampuni ya US Steel ya Marekani, miaka ya 1930, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa mabehewa ya treni ya kubebea makaa ya mawe, maana makaa yakilowa yanakula bodi ya behewa haraka sana. Walitaka chuma kigumu kinachodumu, basi, hakuna aliyekuwa anawaza uzuri. Uzuri ulikuja baadaye kwa wasanifu majengo, makao makuu ya John Deere, kampuni ya matrekta, kule Moline, Illinois, kazi ya Eero Saarinen, yalifunguliwa 1964 chuma kikiwa wazi nje bila rangi. Miaka mitatu baadaye, Agosti 1967, Chicago wakafunua sanamu ya chuma hiki iliyobuniwa na msanii Picasso, ina mita 15 kwenda juu na uzito wa karibu tani 147, na iliundwa na mafundi wa kampuni ya madaraja kule Gary, Indiana. Hapo ndipo mimi napapenda, kwamba kazi ya sanaa imetoka kwa watu walewale wanaokata na kuchomelea vyuma vya madaraja. Picasso alikataa malipo akawapa watu wa mji kama zawadi, na mpaka leo watoto wanapanda pale chini ambapo chuma kimeinama wanateleza.

Serra mwenyewe (alizaliwa San Francisco 1938, akafariki Machi 2024) alifanya kazi kwenye viwanda vya chuma akiwa kijana ili ajilipie masomo, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa bandari ya kuunda meli. Kwa hiyo uzito alikuwa anaujua kwa mwili. Na nadhani ndiyo maana kwake rangi ingekuwa kama kufunika jambo: alitaka uone hiki ni chuma, kizito, kimesimama, na wewe upo kando yake. Kule Bilbao, Hispania, kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Guggenheim, kuna kazi yake ya vipande 8 iliyokamilika 2005, zaidi ya tani 1,000 kwa jumla. Unaingia katikati ya kuta mbili za chuma zenye kimo cha kama mita 4, zinaegemea huku, zinaegemea kule, njia inabana halafu inapanuka, na mwili unapoteza hesabu ya wima ni upi. Pleti moja ina unene wa kama sentimita 5 tu, inasimama kwa sababu ya ule mpindo wake.

Lakini tusifanye kama kila mtu alifurahi. Mwaka 1981 Serra aliweka New York, mbele ya majengo ya serikali, ukuta wa Corten wa mita 36 unaokata uwanja katikati, wafanyakazi wa pale wakalalamika ni kutu tupu na inawazibia njia, kikafanyika kikao cha wazi 1985 ambapo wengi waliozungumza waliutetea, na bado mwaka 1989 ukakatwa vipande ukaondolewa usiku. Mimi naona ilikuwa kosa, ingawa aliyekuwa anauzunguka kila siku kwenda kula mchana na yeye alikuwa na haki ya kusema.

Na chuma chenyewe kimeshawaumbua watu. Atlanta walijenga ukumbi wa michezo wa Omni 1972 kwa chuma hiki, hali ya hewa ya pale ina unyevu mwingi, kutu haikujifunga, kuta zikatoboka, ukabomolewa 1997. Honolulu uwanja wa Aloha ulifunguliwa 1975, hewa ya chumvi ikaushughulikia, wakaingia kwenye matengenezo ya gharama kubwa. Kwa hiyo mtu akikuambia tujenge hivyo ufukweni Dar kwa sababu chuma hiki hakihitaji rangi, muulize chumvi ataifanyaje.

Walio Qatar kikazi wanaweza kwenda kuiona moja bila kupanda ndege. Jangwani kule Zekreet, Serra aliweka 2014 mapleti manne yamepangwa mstari mmoja zaidi ya kilomita, mengine mita 14.7, mengine 16.7. Urefu unatofautiana kwa sababu ardhi inapanda na kushuka, ila vichwa vyote viko usawa mmoja, na usawa huo unalingana na vilima vya pembeni. Unasimama kwenye pleti moja unaona zinazofuata zimejipanga mpaka mbali. Asubuhi na jioni ndiyo wakati wa kwenda, mchana wa kiangazi hapafai.

Kwa mafundi wanaosoma hapa, mambo matatu ya kazi. Pleti ikitoka kiwandani ina gamba la kijivu juu, lazima lipigwe mchanga kwa presha litoke lote, la sivyo kutu inatoka na mabaka. Na ukichomelea kwa fimbo ya kawaida, mstari wa kuunganishia unabaki rangi tofauti na unaliwa mapema, fimbo inatakiwa iwe na mchanganyiko unaoendana na chuma chenyewe. Halafu sakafu, miaka ya mwanzo mvua ikipiga, maji yanateremka na kutu, zege lililo chini linapata michirizi ya kahawia ambayo kuitoa ni kazi, kwa hiyo wengi wanamwaga kokoto kuzunguka sanamu, au wanachimba mfereji wa kupitishia maji kabla hata kreni haijaja.