Kuwalisha watoto kiangazi: kupika si shida, shida ni kuhesabu

Kila mwaka ikifika mwezi wa tatu wa nne hivi simu zinaanza. Mtu anapiga, anasema sisi kanisani kwetu, au sisi msikitini, tuna jiko kubwa, tuna akina mama wanaojua kupika, watoto wa hapa Marekani shule zikifungwa wanashinda njaa na wazazi wako kazini, tunataka tuwalishe, tunaanzaje? Namuuliza mmejipangaje mpaka sasa, ananisomea menyu. Menyu nzima, mpaka kachumbari. Nami huwa naisikiliza yote manake inatamanisha, ila ukweli ni kwamba sijawahi kuona kituo kimefungwa kwa sababu ya mapishi mabaya.

Ngoja nianzie shuleni ndo mtaelewa. Mpango wa chakula cha mchana mashuleni upo tangu 1946, Rais Truman ndo alisaini ile sheria, na mpaka leo msingi wake ni uleule: shule inapika, inagawa, halafu inadai pesa kwa wizara ya kilimo (USDA) kupitia jimbo lake. Pesa hailipwi kwa kilo za mchele wala kwa risiti ya duka, inalipwa kwa kila mlo mtoto aliopewa mkononi. Mtoto ambaye kipato cha kwao hakizidi asilimia 130 ya mstari wa umaskini anakula bure, kati ya 130 na 185 analipa kidogo, na kwa lunchi hiyo kidogo hairuhusiwi kuvuka senti 40. Kuna pia shule zinazolisha wote bure bila fomu za kipato, na tangu 2023 mlango huo umepanuliwa, shule inaweza kuingia ikiwa robo ya wanafunzi wake wanatambulika moja kwa moja kuwa na uhitaji, mfano kwa sababu familia iko kwenye SNAP, ule msaada wa serikali wa kununulia chakula. Zamani ilikuwa lazima wafike asilimia 40.

Kiangazi mambo yanabadilika kidogo, na hapa wazazi wetu wengi wanaogopa bila sababu. Kituo cha wazi kikiwa eneo ambalo angalau nusu ya watoto wana haki ya chakula cha bure au cha bei nafuu, basi mtoto yeyote wa miaka 18 kushuka chini akija anakula. Haulizwi jina, haulizwi kipato, haulizwi makaratasi ya uhamiaji. Anakaa, anakula, anaondoka. Mwambieni na jirani.

Sasa kwa wanaotaka kuendesha. La kwanza, msikimbilie kuwa sponsa. Sponsa ndo anayesaini mkataba na jimbo, anayedai pesa, anayekaguliwa, anayetunza makaratasi miaka mitatu. Mnaweza kuwa kituo tu chini ya sponsa mwingine, mara nyingi wilaya ya shule au benki ya chakula (ghala la kugawa chakula cha msaada), yeye analeta chakula na mafunzo, nyie mnatoa ukumbi na watu. Kwa mwaka wa kwanza ningekuwa mimi ningefanya hivyo na nisingeona aibu.

La pili ndo lenyewe. Kuhesabu.

Kuna kituo kimoja nilikitembelea siku ya Ijumaa, sitakitaja, nikaomba karatasi za wiki. Jumatatu 60, Jumanne 60, Jumatano 60, Alhamisi 60. Na Alhamisi ilinyesha mvua ya kufa mtu, mimi mwenyewe nilishindwa kutoka kwenye gari. Nikamuuliza mama anayesimamia, mama, jana walikuja wote 60? Akanishangaa, akasema mwanangu, sahani si tulipika 60. Yule mama hakuwa mwizi hata kidogo, aliandika alichokipika, na chakula kilichobaki aliwagawia wazee wa jirani kwa roho safi kabisa. Lakini fomu haiulizi ulipika ngapi, inauliza watoto wangapi walipokea, na mkaguzi akiona namba moja imejirudia siku zote anajua hakuna aliyehesabu. Wiki ile hawakulipwa.

Na msidhani wakaguzi wana roho mbaya. Minnesota mwezi wa 9 mwaka 2022 waendesha mashtaka wa serikali kuu waliwafungulia kesi watu 47 kwa wizi wa dola milioni 250 kwenye mipango hii hii ya watoto, kwa kudai milo ambayo haikuwahi kufika kwa mtoto yeyote. Tangu hapo karatasi ya kila kituo inasomwa kwa jicho jingine, hata ya mama wa watu mwenye nia njema.

Kwahiyo inafanyika hivi. Mtu mmoja, huyo huyo kila siku, anasimama mwisho wa foleni ya chakula na karatasi yenye namba 1, 2, 3 kuendelea. Hagawi chakula, hapigi stori, hajibu simu. Mtoto anapita mbele yake na trei kamili, anakata namba moja. Trei kamili ya lunchi maana yake ni maziwa kikombe kimoja, nyama au mbadala wake aunsi mbili, nafaka, na matunda au mboga aina mbili zinazofika robo tatu ya kikombe. Maziwa yakiisha kwenye friji mtoto wa 43 akapita bila maziwa, mlo ule haukatwi namba hata kama ameshiba mpaka anasinzia. Asiyependa maziwa anayachukua halafu anayaweka meza ya kushirikiana, pakiti haijafunguliwa, mwenzake anayataka anajichukulia. Watu wazima wakila, andika pembeni, hawadaiwi pamoja na watoto. Na muda uliouandika kwenye maombi ndo muda, ukiandika saa sita hadi saa saba basi trei ya saa saba na robo ni sadaka yako mwenyewe.

Chakula cha baridi kiwe chini ya digrii 40 Farenaiti, cha moto juu ya 140, nunueni themomita mbili maana moja itapotea tu.

Walioko vijijini wana unafuu, sheria ya mwisho wa 2022 iliruhusu sehemu ambazo watoto hawana pa kukusanyika kula, wapewe chakula waende nacho nyumbani. Na tangu 2024 kuna kadi ya kiangazi ya kununulia chakula, dola 120 kwa mtoto, kwenye majimbo yaliyokubali kujiunga, hiyo haizuii mtoto kuja kula kituoni.

Maombi fanyeni mapema, majimbo mengi yanafunga dirisha kabla kiangazi hakijaanza. Kabla hamjanipigia na menyu, kaeni kikao mchague nani atashika ile karatasi. Na mpeni kalamu ya wino, siyo penseli.